Pikapu ya turbo: tujifunze injini kabla ya kuongeza nguvu

Mfanyabiashara wa mpakani anajua bei ya kila kilichomo nyuma ya pikapu yake. Anajua gunia la maharage alilinunua kwa shilingi ngapi, ataliuza kwa faranga ngapi upande wa pili, na kubadilisha fedha kutamla kiasi gani. Lakini muulize presha ya turbo yake ni ngapi, au moshi unaotoka kwenye silinda una joto gani anapopanda mlima. Mara nyingi atakujibu kwamba hayo anayajua fundi. Ndugu zangu, hapo ndipo mtaji wetu mwingi unapotuponyoka.

Ahadi inayotolewa katika gereji nyingi za kando ya barabara ni moja: lete gari asubuhi, jioni litavuta kama lori. Skrubu ya pampu inazungushwa, au kisanduku kidogo kinachomekwa kwenye nyaya za injini. Mwenye gari analijaribu bila mzigo kwenye barabara tambarare, anafurahi, analipa. Baada ya wiki chache yuko kando ya mlima, boneti iko wazi, na nyanya zinaoza.

Sisemi kwamba kutuni injini ni kosa. Ninachosema ni kwamba kila anayeishi kwa pikapu ya turbo ajifunze kazi hiyo mwenyewe, hata kama spana itashikwa na fundi, na ajifunze kwa mpangilio: kwanza arudishe injini katika hali yake, pili apime, na mwisho kabisa ndipo aongeze. Wengi wetu tunaanzia mwisho.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuipata, na nguvu yake hutawaliwa na kiasi cha dizeli kinachoingia. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na mhimili wake unaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kazi yake ni kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, dizeli zaidi inaweza kuungua vizuri. Kutuni, basi, ni kulinganisha hewa, dizeli na joto. Anayeongeza dizeli bila kuangalia hewa anaongeza moshi na joto tu.

Na joto ndilo muuaji. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Moshi wa injini yenye mzigo mzito unaweza kupita kiwango hicho. Pistoni husalimika kwa sababu hupozwa na oili, na kwa sababu joto kali hudumu kitambo kidogo tu katika kila mzunguko. Ndiyo maana mafundi makini hawapendi kuona joto la ekzosi, likipimwa kabla ya turbo, likikaa juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu. Geji ya maji iliyo mbele ya dereva haionyeshi joto hilo. Maji yanaweza kuwa sawa kabisa huku pistoni inaungua.

Barabara zetu zinaongeza ugumu. Anayetoka Mombasa kwenda Malaba kupitia Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na ya pwani. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hupanda Kitonga, na anayetoka Kampala kwenda Katuna hukutana na milima ya Kabale. Turbo hujaribu kufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Pampu nyingi za kizamani hazina habari kama ziko Dar es Salaam au Mbeya. Humwaga dizeli ile ile. Kwa hiyo pikapu iliyorekebishwa pwani ikawa haitoi moshi, inaweza kutoa moshi mweusi ikifika nyanda za juu. Aliyeifunga skrubu hayupo pale kuona.

Sasa hatua ya kwanza, kurudisha. Gari lisilovuta mara nyingi halikosi nguvu za kiwandani, limezipoteza njiani. Chujio la hewa limejaa vumbi. Mpira wa kupeleka hewa kwenye intakula umepasuka au klipu yake imelegea, hivyo hewa iliyosukumwa na turbo inavujia nje. Chujio la dizeli limeziba. Nozeli zimechoka. Rejeta imeziba kwa udongo. Mtu anayeanza anaweza kukagua mengi ya haya bila kuwa fundi. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio ya mipira ya hewa, msaidizi akaongeza moto kidogo, sehemu inayovuja itaonyesha mapovu. Moshi pia unasema. Mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa dizeli isiyowaka, au maji yanayoingia kwenye silinda. Kuongeza presha kwenye injini yenye matatizo haya ni kumpa mgonjwa mzigo badala ya dawa.

Katika kurudisha tusisahau mafuta. Nchi za Jumuiya zilikubaliana kiwango cha salfa kwenye dizeli kisichozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Tanzania huweka vinasaba kwenye mafuta ili kunasa uchakachuaji. Kenya mwaka 2018 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe kwenye dizeli. Jitihada hizo zote haziwezi kumlinda anayenunua dizeli ya dumu kando ya njia ya panya kwa sababu imepungua bei kidogo. Injini za kisasa za dizeli husukuma mafuta kwa presha inayofika bar 1,600 na zaidi, na pampu zake hulainishwa na dizeli hiyo hiyo. Maji au mafuta ya taa yakiingia, pampu na nozeli husagika. Hakuna kutuni kutakakorekebisha hilo.

Hatua ya pili ni kupima. Geji mbili zinatosha kwa kuanzia: ya presha ya turbo na ya joto la ekzosi. Kwa magari yenye kompyuta, ongeza skana ndogo ya kusoma makosa ya injini na presha ya mafuta. Kisha chagua mlima mmoja unaoupanda mara kwa mara. Upande na mzigo unaojua uzito wake, kwa gia ile ile, na abiria wako aandike namba zinazofika juu kabisa. Wewe endesha, macho barabarani. Jaza tangi hadi juu, safiri, jaza tena, kisha gawa kilomita kwa lita. Ukitembea kilomita 540 kwa lita 60, unapata kilomita 9 kwa lita. Bila namba za kabla, mtu yeyote anaweza kukuambia gari limebadilika, nawe utaamini kwa sababu umeshalipa.

Hatua ya tatu, kuongeza, ifuate baada ya hapo. Kanuni ya mwanafunzi ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwenye pampu ya kizamani, weka alama mahali skrubu ilipokuwa, izungushe kidogo sana, rudi kwenye mlima ule ule na mzigo ule ule. Joto likipanda mno au moshi mweusi ukikaa, rudisha nyuma. Kwenye injini ya kompyuta, dai mambo mawili kabla programu haijaguswa: nakala ya programu ya kiwandani ibaki mikononi mwako, na ueleweshwe ni kitu gani kinabadilishwa. Vipo visanduku vya bei rahisi ambavyo havitengenezi chochote. Vinaidanganya kompyuta kuwa presha ya mafuta iko chini, nayo inaongeza. Kompyuta inayodanganywa haiwezi kukulinda.

Ni lazima pia ujue injini yako ilizaliwaje. Ile 1HZ ya Land Cruiser, ya lita 4.2, ilitoka kiwandani bila turbo. Wapo wanaoifungia. Inaweza kuvumilia presha ndogo ikiwa joto linapimwa, lakini kuipa presha ya injini iliyozaliwa na turbo ni kuitafutia kifo. Hilux za D-4D zilizokuja na turbo nazo zina mipaka yake, na mipaka hiyo inajumuisha klachi na giaboksi, siyo injini peke yake. Nguvu ikiongezwa mbele, kilicho dhaifu huko nyuma ndicho kitakachokatika.

Kisha lipo suala tunalolikwepa, nalo ni uzito. Pikapu nyingi za aina hii zimetengenezwa kubeba takriban tani moja, yaani magunia 10 ya kilo 100. Tunapopakia 20 halafu tukalalamika kuwa gari halivuti, injini inasema kweli nasi hatusikii. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inalenga magari ya tani 3.5 na kuendelea, hivyo wengi hudhani mizani haiwahusu. Pikapu yenye uzito wake wa karibu tani mbili, ikipakiwa tani mbili nyingine, imeshavuka hapo. Na breki hazikutuniwa.

Najua jibu la wenzangu. Watasema samaki hawasubiri, nyanya hazisubiri, anayefika sokoni kwanza ndiye anayepanga bei. Ni hoja ya kweli na siidharau. Lakini tupige hesabu. Mlima wa kilomita 10 ukiupanda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa utatumia dakika 20. Ukiupanda kwa kilomita 40, utatumia dakika 15. Umeokoa dakika tano. Kosa dogo kwenye hati moja ya forodha linakula zaidi ya hizo. Wengi wetu tunavusha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kwa utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya. Faida ya mzigo wa ukubwa huo ni nyembamba, na injini moja ikinoki inaweza kumeza faida ya safari nyingi. Kadi ya njano ya bima inashughulikia madhara ya ajali ukiwa nchi jirani. Hailipii injini iliyonoki.

Yupo anayefaidika kweli na kutuni. Ni yule mwenye injini nzima, anayepakia kwa kiasi, anayepita milimani kila wiki, na ambaye ameongeza kidogo akipima. Gari lake hupanda kwa gia ya juu zaidi bila kulia, na huenda hata akaokoa mafuta. Lakini mtu huyo pia ndiye anayeacha injini iunguruma dakika moja au mbili baada ya kupanda mlima kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza turbo. Alianza kwa kujifunza, na nguvu ikaja baadaye.

Lipo jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko mtu mwingine yeyote. Pikapu ya mtu wa mjini ina fundi mmoja. Yetu inaweza kutuniwa Katwe mjini Kampala, ikanunuliwa vipuri Kirinyaga Road mjini Nairobi, na ikaharibikia karibu na Gatsata mjini Kigali. Fundi wa tatu hajui wa kwanza aligusa nini. Anabahatisha, na kubahatisha kwake tunakulipia sisi. Dawa yake ni daftari. Liandike kwa Kiswahili cha kawaida: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, skrubu ilizungushwa kiasi gani, presha na joto kabla na baada. Daftari hilo livuke mpaka pamoja na gari, liwekwe na hati za forodha na kitabu cha gari. Lugha yetu moja itakuwa imefanya kazi ambayo mikutano mingi ya utangamano bado haijaifikia.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo vina nafasi. Skana moja na seti moja ya geji ni gharama kwa mtu mmoja, lakini kwa wanachama 30 ni mchango mdogo. Chama kinaweza kumwalika fundi anayeaminika Jumamosi moja kila mwezi afundishe wanachama kusoma moshi, kukagua mipira ya hewa na kupima joto. Fundi mzuri hataogopa mteja anayeelewa; atampenda, kwa sababu hatalaumiwa kwa makosa ya mwingine.

Kwa anayetaka kuanza, aanze kabla ya safari ijayo: afungue chujio la hewa, amwage maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli, akague mpira wa intakula kwa sabuni, na anunue daftari. Skrubu ya pampu aiache kwanza ilipo.