Mafuta ya Taa na Kipimo cha Haki

Mnyonge hununua kidogo, na anunuaye kidogo hulipa zaidi. Mwenye gari hujaza tangi kwa bei iliyotangazwa. Mama aishiye kwa kibarua hununua mafuta ya taa dukani, chupa kwa chupa. Chupa hizo zikifika lita moja, huwa amelipa kupita bei ya kituo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2010, Serikali ya Kenya huweka kikomo cha bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Hilo ni jema, lakini ulinzi huo huishia kwenye pampu. Haufiki kwenye chupa. Tena mwaka 2018 uliwekwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara walioyachanganya na dizeli. Kosa lilikuwa la walaghai. Adhabu ikaangukia jiko la maskini. Je, hiyo ni haki? Tuwaulize wabunge wetu.

Nasi tusibaki kunung’unika. Familia nne au tano za jumuiya moja zaweza kuchanga fedha, kumtuma mtu mwaminifu kituoni na mtungi safi, kudai risiti, kisha kugawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Mtungi uliobeba petroli usitumike kamwe, kwa maana mchanganyiko huo huweza kulipuka jikoni.

Viongozi wa jumuiya, itangazeni bei mpya kila mwezi. Asiyeijua bei hawezi kudai haki yake.