Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo uliwalenga wafanya biashara, lakini leo unazihusu zaidi ofisi za umma. Kompyuta zimeingia katika halmashauri, hospitali, shule na hata baadhi ya ofisi za vijiji na shehia. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, mwananchi anayekwenda kutafuta karatasi moja inayohusu haki yake bado huambiwa arudi kesho, na kesho huambiwa arudi keshokutwa. Mashine ipo mezani, umeme upo na karani yupo. Kinachokosekana ni habari yenyewe. Tunaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi.

Tuchukue mfano wa Shighatini, katika milima ya Upare ya Kaskazini. Hadi mwaka 1979 sehemu hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Pare, na makao makuu ya wilaya yalikuwa Same. Mwaka huo wilaya iligawanywa zikapatikana wilaya mbili, Same na Mwanga, na Shighatini ikawa upande wa Mwanga. Kwa hiyo, mzee wa Shighatini anayetafuta barua ya mwaka 1968 juu ya mpaka wa shamba lake la migomba na kahawa hana budi kujua kwanza kwamba barua kama hiyo ilipelekwa Same, si Mwanga. Karani asiyejua historia hii anaweza kuitafuta katika kompyuta ya Mwanga mwaka mzima asiione, na mwisho akamjibu mzee kwamba haipo. Kumbe barua ipo, ila imelala katika kabati jingine, chini ya jina jingine.

Huenda msomaji wa Unguja, Pemba, Mafia au Ukerewe akauliza Shighatini inamhusu nini yeye aliyezungukwa na maji. Inamhusu sana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Wengi wa waliogawiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na sasa watoto na wajukuu wao ndio wanaohitaji kujua nani alipewa nini, wapi na kwa masharti gani. Karatasi ikipotea, ndugu hugeuka mahasimu. Zaidi ya hayo, mtu wa kisiwani akiambiwa kwamba jalada halionekani, hapotezi asubuhi moja tu. Hupoteza nauli ya chombo, siku ya kazi, na pengine fedha za kulala ugenini akisubiri bahari itulie.

Nchi yetu ina historia ndefu na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matokeo yake hayakuridhisha, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wako waliouona uamuzi huo kuwa ni kurudi nyuma. Sisi tunadhani kwamba ndani yake lilikuwamo swali la haki: ya nini kununua kwa fedha za kigeni mashine ya kuharakisha kazi ambayo yenyewe haijapangwa? Marufuku hayo yalikwisha ondoka, lakini swali lile halijajibiwa.

Kompyuta ndogo za mezani zilianza kuenea duniani baada ya kampuni ya IBM kutoa ya kwake mwezi Agosti 1981. Zilikuwa mashine duni tukizilinganisha na simu zilizomo mifukoni mwetu leo. Disketi moja iliyotumika sana katika miaka hiyo ilibeba herufi zipatazo 360,000, yaani kurasa za taipu zisizofika 200. Jina la hati halikuweza kuzidi herufi 8, na nyongeza ya herufi 3 mwishoni. Tena mfumo wa awali haukuwa na namna ya kutenga hati katika majalada. Uwezo huo ulikuja mwaka 1983. Karani aliyeziita hati zake BARUA1, BARUA2 na kuendelea hadi BARUA90 alikuwa amejichimbia shimo kwa mikono yake, kwani baada ya mwezi mmoja yeye mwenyewe hakujua kilichomo ndani ya BARUA47.

Walionufaika na mashine hizo ni wale waliokuwa na utaratibu kabla ya mashine kufika. Mfano mzuri ni wakutubi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Shirika la UNESCO liligawa bila malipo programu iitwayo CDS/ISIS, ambayo ilitumika katika maktaba nyingi za nchi zinazoendelea. Programu hiyo haikuwa na miujiza. Ilimtaka mkutubi aamue mapema kwamba kila kitabu kitaandikiwa jina la mwandishi, anwani, mwaka, somo na mahali kilipo rafuni. Kisha mashine ilitengeneza faharasa, na kila neno katika faharasa likaelekeza kwenye kumbukumbu zake. Mkutubi aliyekwisha zoea kadi za katalogi aliielewa mara moja, kwa sababu ilikuwa kazi yake ileile iliyopewa mbio. Asiyekuwa na kadi hakuwa na cha kuingiza.

Hapo ndipo lilipo fundisho. Kompyuta haijui kwamba Ramadhani Juma na R. Juma ni mtu mmoja, wala haijui kwamba shamba la leo la Mwanga ni shamba la jana la Wilaya ya Pare, mpaka binadamu aiambie. Ukiipa vurugu, itakurudishia vurugu, tena kwa haraka zaidi.

Liko pia suala la kudumu. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na maandiko ya Kiarabu yaliyohifadhiwa Zanzibar yakaingizwa mwaka 2003. Karatasi hizo zimepita vita, mchwa na mabadiliko ya tawala, na bado zasomeka kwa macho. Lakini ni ofisi gani leo yenye mashine ya kusoma disketi ya mwaka 1986? Habari iliyowekwa mahali pamoja tu, ndani ya chombo kimoja tu, iko mkononi mwa chombo hicho. Kikifa, nayo imekufa.

Watumishi wa Serikali hatuna budi kuwakumbusha jambo jingine ambalo milima ya Upare inaweza kulifundisha taifa zima. Katika miaka ya 1940 iliwekwa huko kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wananchi waliyakataa makadirio ambayo hawakuelewa yalifikiwaje, na mwezi Januari 1945 maelfu yao walikwenda Same kudai kodi hiyo iondolewe. Walidumu katika madai yao, na hatimaye iliondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameyaeleza mapambano hayo katika kitabu chake juu ya mbiru kilichotoka mwaka 1971. Daftari ambalo mwananchi anaandikwa ndani yake lakini haruhusiwi kuliona huzaa shaka, na shaka huzaa ugomvi. Likiwa ndani ya kompyuta, shaka haipungui. Huongezeka, kwa sababu hata jalada lenyewe halionekani tena.

Itasemwa kwamba yote haya yanahitaji fedha. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini kuzipa barua namba ya jalada hakuhitaji umeme, na kuandika tarehe kamili hakuhitaji mkopo. Mgao wa maji ya ndiva huko Upare umeendeshwa kwa vizazi vingi kwa zamu zilizojulikana na kila mwenye shamba, bila mashine yoyote. Kilichoulinda utaratibu huo ni kwamba kila mhusika aliijua zamu yake na ya jirani yake.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati miliki za kimila na daftari la ardhi la kijiji. Mwaka 2002 ikapitishwa sheria ya kumbukumbu na nyaraka za taifa. Kinachotakiwa ni kuzitekeleza.

Kwa hiyo tunashauri mambo matano. Kwanza, kila ofisi isafishe masijala yake na kuorodhesha majalada yote kabla ya kuingiza lolote katika kompyuta. Pili, wilaya au shehia inapogawanywa, iandikwe orodha ya majalada yaliyohama na yaliyobaki, na nakala yake ikae pande zote mbili. Tatu, kila kumbukumbu muhimu iwe na nakala katika majengo mawili tofauti, na kwa visiwa, nakala moja ivuke bahari. Nne, disketi za zamani zilizobaki makabatini zinakiliwe sasa, wakati wataalamu na mashine za kuzisomea bado wanapatikana. Tano, mwananchi aonyeshwe yaliyoandikwa juu yake na juu ya ardhi yake, na apewe njia ya kuyasahihisha.

Karani wa masijala amezoea kuonekana mtu mdogo katika ofisi. Mafunzo humpita, na kupandishwa cheo huchelewa. Viongozi wetu wanapaswa kuuondoa mtazamo huo, kwani haki za maelfu ya watu zapita mikononi mwake kila siku. Ofisi inayonunua kompyuta kumi na kumwacha karani huyo bila mafunzo imejinunulia mapambo. Mzee wa Shighatini na mjukuu wa mwenye eka tatu wa Pemba wanangoja jibu moja: jalada lao liko wapi? Ofisi isiyoweza kuwajibu siku hiyohiyo ianze kwa kufungua makabati yake.