Ankara ya Hospitali Isomeke

Shangazi yangu alipolazwa katika hospitali moja kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, alitibiwa vyema akapona. Kilichotutesa ni dirisha la malipo. Tulikabidhiwa ankara yenye mstari mmoja tu, "dawa na huduma", na chini yake jumla iliyotulazimu kuuza ndama. Nilipodai mchanganuo, karani alifungua daftari la wodi, akahesabu upya, na siku 9 za kitanda zikageuka kuwa 7. Kijana yule hakuwa mwizi. Alikuwa peke yake, foleni imefika mlangoni, na daftari lenyewe huletwa mara moja kwa juma.

Katika shule zetu mwanafunzi hodari huhimizwa awe daktari, ilhali yule apendaye uwekaji hesabu huhesabiwa kuwa amekosa la kufanya. Sisi walimu tumeieneza sana dhana hiyo. Hata hivyo hospitali, iwe ya serikali kama zile za Embu na Meru mjini, au ya misheni kama Chogoria, Nkubu na Maua, hununua dawa, glavu na umeme kwa fedha ambazo karani huyo ndiye aziandikaye.

Hili si jambo geni. Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchangia gharama za matibabu mnamo Desemba 1989, ada ilitangulia, maandalizi yakafuata nyuma. Kufikia Septemba 1990 ada ya wagonjwa wasiolazwa ilikuwa imesimamishwa. Iliporejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992, wafanyakazi walifunzwa kwanza namna ya kutoza na kutunza hesabu, na robo tatu ya mapato ilikusudiwa kutumiwa na kituo kilichoyakusanya. Mara hii mpango ulidumu.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya ile hazina ya bima ya mwaka 1966, kazi ya karani imezidi uzito. Dai lililokosa jina la ugonjwa au tarehe ya kulazwa laweza kurudishwa, na hospitali isipolipwa, duka lake la dawa ndilo litakalopungukiwa. Kompyuta (ambazo twazisifu mno) haziwezi kuandika sindano ambayo hakuna aliyeiandika kando ya kitanda.

Kwa maoni yangu, daftari la wodi lifike kwa karani kila jioni, na mgonjwa aonyeshwe ankara yake, kifungu kwa kifungu, kabla ya siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kugundua kosa siku hiyo, gari la kukodi likingoja nje, ni kuchelewa.

Juma lililopita niliifuta jina la shangazi ankara ile iliyosahihishwa, nikawapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waikague katika somo la biashara. Msichana mmoja aliuliza mbona glavu zimetozwa peke yake, na kisha zikatozwa tena ndani ya gharama ya kufunga kidonda. Sikuwa na jibu. Nimeahidi kumpeleka kwa karani akaulize mwenyewe.