Kipaji Kisifungiwe Mlango wa Chuo

Wapo wanaoamini kwamba mwanamuziki aliyejifunza mwenyewe akipelekwa chuoni ataharibika. Atafundishwa kuhesabu mapigo hata asahau kuyasikia. Wapo na wengine wanaomdharau mtu huyo huyo kwa kuwa hajui kusoma nota. Ubishi huu ni wa siku nyingi, na kwa maoni yetu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinadhani kwamba asiyepita chuoni hakufundishwa.

Siti binti Saad wa Fumba hakukaa katika darasa lolote la muziki. Alikuwa akiuza vyungu. Lakini alipohamia mjini Unguja mwaka 1911 alikutana na Ali Muhsin, mpiga udi, ambaye alimfundisha kuimba kwa kufuata ala. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Sauti ilikuwa yake tangu kuzaliwa. Kuitawala mbele ya udi na fidla alionyeshwa na mtu.

Marehemu Hukwe Zawose naye alirithishwa muziki wa Kigogo na baba yake huko Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kwa ajili ya vidole vyake na koo lake, wala si kwa sababu ya cheti. Baadaye Zawose akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa. Hadi alipofariki mwaka 2003, ilimba na zeze lake vilikuwa vimesikika Ulaya na kwingineko. Chuo hakikumharibu Zawose, kwa kuwa aliingia kwa mlango wa walimu akiwa na elimu yake kamili.

Hata hivyo hofu ya wale wa kwanza si ya bure. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti za asili ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe unapopigwa. Mojawapo ya sauti hizo haimo katika piano. Iko chini ya ile inayokaribiana nayo kwa kiasi cha theluthi ya hatua ndogo kabisa ya kinanda hicho. Mwalimu aliyelelewa na piano peke yake ataisikia kuwa ni kosa. Atamwambia kijana airekebishe, na kijana, kwa heshima kwa mwalimu, atairekebisha. Hapo litakuwa limefutwa jambo lililotunzwa kwa vizazi, tena kwa nia njema kabisa! Kasumba ya namna hii haiondoki kwa kubadili jina la chuo.

Lakini tusiwadanganye vijana kwamba ujinga wa nota ni uhuru. Mpiga gitaa asiyeweza kuandika wimbo wake huutegemea ukumbusho wa wenzake wa bendi, na bendi zetu huvunjika mara nyingi kama tunavyojua. Akifa yeye, hufa na sehemu zote ambazo hazikuwahi kurekodiwa. Kuandika muziki hakumnyimi mtu sikio.

Tatizo kubwa zaidi liko mlangoni. Njia ya kawaida ya kuingia katika kozi za cheti na stashahada nchini ni ufaulu wa kidato cha nne. Kijana anayeongoza ngoma ya kijiji kizima, lakini aliyeishia darasa la saba, anabaki nje akiwasikia walio ndani wakijifunza midundo anayoijua kuliko wao. Mwashi aliyejifunza kazini hupimwa na VETA kwa mikono yake na kupewa cheti cha ujuzi alio nao. Hatuoni sababu ya mpiga marimba kupimwa kwa mtihani wa hesabu.

Tunawaomba wahusika wa vyuo vya sanaa watenge nafasi kila mwaka kwa watu wa namna hii, wapimwe kwa kupiga na kuimba mbele ya mafundi wa ala hizo hizo. Kusoma na kuandika nota watafundishwa baada ya kuingia. Na jopo la kuwapima lisikae Bagamoyo likisubiri barua za maombi. Liende Dodoma, Mtwara na Bukoba, likawasikilize huko huko wanakopiga.