Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii twaifundisha darasani kila mwaka, lakini yanapotajwa majengo ya maktaba twaisahau upesi. Twasimama nje, twahesabu nguzo, twapiga picha, kisha twaenda zetu.

Tutoe mfano wa Maktaba ya McMillan iliyoko Nairobi, katika Mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931. Aliyeijenga ni Bibi Lucie McMillan, kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, tajiri na mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Jengo lilifuata mtindo wa kale wa Wayunani na Warumi: ngazi pana, nguzo ndefu zilizopangwa mbele kama askari wa gwaride, na simba wawili wa mawe wakilinda mlango. Mwaka 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe ya kulihifadhi.

Sasa twaulize: simba wale walikuwa wakimlinda nani, na wakimzuia nani? Jibu halina fumbo. Hadi mwaka 1958 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepita njiani aliziona nguzo, vitabu hakuviona. Mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi likaichukua iwe mali ya wakazi wote.

Juu ya majengo ya namna hii twawasikia watu wa aina mbili. Wa kwanza husema: ni alama ya ubaguzi, yaacheni yaanguke. Wa pili husema: ni hazina ya ufundi, yasiguswe wala yasitiwe doa. Sisi twasema pande zote mbili zimesimama mlangoni. Wa kwanza wataka kumwadhibu mlowezi aliyekwisha kufa, na adhabu itamwangukia mtoto wa leo asiye na pa kusomea. Wa pili wataka kuhifadhi mawe na kusahau msomaji. Maktaba iliyohifadhiwa isisomwe ni kaburi lililopakwa chokaa.

Haki ya jengo lililojengwa kwa ubaguzi ni kulifungua, kueleza waziwazi historia yake, na kuzijaza rafu zake vitabu vya wale waliozuiwa kuingia. Jambo hili lawezekana. Tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk, lililoasisiwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshughulikia ufufuaji wa McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Twapenda hasa kwamba matawi hayakuachwa nyuma. Kaloleni na Makadara hakuna simba wa mawe, lakini ndiko waliko watoto wanaorudi kutoka shule na kukosa meza ya kuandikia.

Tanzania nayo ilitufunza njia nyingine. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, ilipitishwa sheria ya kuanzisha huduma za maktaba kwa nchi nzima, na mwaka 1967 Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam. Huko sheria ya kumhudumia msomaji ilitangulia, ukuta ukafuata. Huo ndio mpango tunaouona kuwa sahihi.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi tulio Gikondo? Yatuhusu sana. Mtaa wetu wa Kigali umejulikana kwa viwanda vilivyokuwa bondeni na kwa uwanja wa maonyesho ya biashara; haukujulikana kwa vitabu. Maktaba ya Umma ya Kigali ilifunguliwa Kacyiru mwaka 2012, kutokana na wazo lililoanzishwa na klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga mwaka 2000. Twaipongeza, ni jengo la fahari. Lakini jengo moja la fahari kilimani halitoshi mji uliotapakaa juu ya vilima vingi. Mwanafunzi asiye na nauli, kwake Kacyiru ni mbali kama Nairobi.

Tena, mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha haiwi rasmi kwa muhuri pekee. Lugha ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ya sokoni, ya kambini na ya mitaa kama Biryogo haitapata heshima mpaka mtoto aikute imechapishwa, rafuni, karibu na nyumbani kwao: hadithi, tamthilia, mashairi, kamusi, na vitabu vya sayansi pia.

Basi, ndugu walimu, tusingoje nguzo. Chumba kimoja chenye mwanga, rafu, meza na mkutubi anayejua kazi yake ni maktaba. Kasri lenye kufuli si maktaba. Tudai vyumba hivyo katika kila mtaa. Na kila tuingiapo maktaba yoyote, kubwa kwa ndogo, tusiulize ilijengwa na nani tu. Tuulize pia: vitabu vya Kiswahili viko rafu ipi, na ni nani aliyeviazima wiki hii? Jibu la swali hilo ndilo litakalotuambia kama mlango umefunguliwa kweli.