Fidia ya Mfanyakazi Isiliwe na Bei

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hata leo mtaa huo huishi kwa mabega ya wachukuzi, mafundi wa ujenzi na vijana wa maghala. Jengo lilipoporomoka katika makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20, taifa lilikumbushwa kuwa mahali pa kazi paweza kumnyang'anya mtu uhai au kiungo kwa dakika moja. Kiungo kilichopotea hakirudi. Fidia yake nayo yaweza kupotea, ila kwa mwendo wa polepole.

Sheria ya fidia iliyorithiwa kwa wakoloni iliweka ukomo wa malipo ambao mwishowe ulikuwa shilingi 108,000. Kufikia mwaka 2015, kiasi hicho hakikufikia mshahara wa mwezi mmoja wa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuna aliyemwibia majeruhi. Bei zilipanda, tarakimu ikasimama.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko ulioanza kazi Julai 2015, vilifuta aibu hiyo. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hustahili pensheni ya asilimia 70 ya mshahara wake. Lakini mshahara unaohesabiwa ni ule wa siku alipoumia. Wenzake kazini hupata nyongeza, kama kima cha chini serikalini kilivyopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 mwezi Julai 2025. Yeye hana tena ngazi ya kupanda.

Wako wasemao kuwa nyongeza ni ghali. Hoja hiyo isibezwe. Pensheni ya shilingi 100,000 kwa mwezi, ikilipwa miaka 20 bila kubadilika, hugharimu shilingi milioni 24. Ikiongezwa asilimia 4 kila mwaka, hugharimu karibu milioni 36. Tofauti ni kubwa. Hata hivyo, nyongeza isipotolewa gharama hiyo haifutiki. Huhamia kwa mjane, yatima na kilema, wanaoilipa kwa kupunguza mlo. Nani kati yao na Mfuko ana mabega mapana zaidi?

Mfuko una michango inayokua pamoja na mishahara, na una vitega uchumi. Mchango wa waajiri binafsi, uliokuwa asilimia 1 ya mishahara, umeshushwa hadi asilimia 0.5. Ikiwa mwajiri ameweza kupunguziwa mzigo, haki haimruhusu mtu yeyote kumwambia majeruhi kuwa hesabu hazitoshi.

Kwa hiyo nyongeza isihesabiwe kuwa hisani ya kusubiriwa. Ifuate mwendo wa bei, kwa kanuni inayojulikana, kila mwaka. Taifa lililojengwa juu ya utu wa mfanyakazi haliwezi kumthamini akiwa mzima tu.