Mwenzetu Akitiwa Mahabusu



 Mwezi huu tumeazimia kulizungumza jambo ambalo katika majumba yetu husemwa kwa kunong'ona tu, nalo ni la mtu wetu kukamatwa na polisi na kuwekwa ndani.

Aghalabu mambo huenda hivi. Mtu hakurudi kutoka kazini, na simu yake haipokelewi. Wenziwe wa chumba husema huenda amelala kwa rafiki. Siku ya pili wanaulizana, na siku ya tatu mmoja anapata fununu kwamba alionekana akiingizwa garini. Hapo kila mtu hushika ulimi wake. Huyu aogopa kwa kuwa kitambulisho chake kimekwisha muda; yule aona haya kwa niaba ya mwenziwe; na mke, kama yupo, hufunga mlango asije akaulizwa na majirani. Huko Mombasa, Tanga au Jinja wazee wanaambiwa, "Hajambo, ila simu yake imeharibika." Wiki mbili hupita hivyo, na hakuna aliyefanya lolote.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siku za mwanzo ndizo zenye manufaa makubwa kwa aliyekamatwa, na ndizo tunazozipoteza kwa sababu ya aibu. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo, pamoja na yale ambayo jamaa na majirani wanaweza kuyafanya kwa utaratibu, bila ya kuvunja sheria na bila ya kuwa matajiri.

Tuanze kwa kusahihisha lugha yetu, kwani lugha huongoza fikra. Mahabusu si mfungwa. Mahabusu ni mtu anayezuiliwa ilhali shauri lake bado linachunguzwa. Mfungwa ni yule aliyekwisha hukumiwa. Katiba ya Qatar, kifungu cha 39, yasema kwamba mtuhumiwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitike mbele ya mahakama. Basi ikiwa Katiba ya nchi haijamwita mwenzetu mhalifu, sisi tunaokula naye sinia moja tuna haki gani ya kumwita hivyo?

Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Namba 23 ya mwaka 2004, imeweka kwamba aliyekamatwa afikishwe mbele ya Mwendesha Mashtaka wa Umma, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Kiarabu la Niyaba, katika muda wa saa 24. Imeweka pia kwamba aelezwe sababu ya kukamatwa, na apewe nafasi ya kuwasiliana na mtu amtakaye. Lakini isidhaniwe kuwa kila shauri hufuata njia hiyo. Iko pia Sheria Namba 17 ya mwaka 2002, ya kulinda jamii, ambayo humwezesha Waziri wa Mambo ya Ndani kuamuru mtu azuiliwe bila ya mashtaka, kwanza kwa wiki mbili na kisha kwa kurefushwa. Kwa hiyo jambo la awali ni kuijua njia ambayo shauri la mwenzetu limeshika.

KWANZA, tujue alipo. Aende kituo cha polisi mtu mmoja tu, mtulivu, mwenye kitambulisho halali na anayejua Kiarabu au Kiingereza cha kutosha. Asiende ambaye ukaazi wake umekwisha, kwani huyo atatuachia kesi mbili badala ya moja. Achukue nakala ya pasipoti ya mwenzetu na namba ya kitambulisho chake, kwa sababu majina yetu huandikwa kwa namna nyingi katika Kiarabu, na ofisa akitafuta kwa jina tu anaweza kumkosa mtu aliyemo humo humo. Aulize kwa adabu maswali matatu: je, yuko hapa, anatuhumiwa nini, na je, faili lake limekwenda Niyaba au bado? Akijibiwa, aandike tarehe, saa na namba ya kesi. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kila mlango utakaofuata. Ikiwa mgonjwa wetu ana kisukari au shinikizo la damu, cheti cha daktari kipelekwe siku hiyo hiyo na akabidhiwe ofisa.

PILI, ubalozi uarifiwe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya kikonseli, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyezuiliwa haki ya kuelezwa kwamba anaweza kuutaka ubalozi wake uarifiwe, na maofisa wa ubalozi wana haki ya kumzuru. Angalieni neno hilo: ni yeye mwenyewe anayetakiwa kuomba. Mtu aliyetishika, asiyejua lugha, huenda asiombe. Ndiyo maana inafaa jamaa wapeleke habari wenyewe, kwa barua yenye jina kamili, namba ya pasipoti, mahali alipo na namba ya kesi. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi hapa Doha. Na ndugu walioko Kenya wanaweza pia kubisha hodi katika Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, iliyoundwa mwaka 2022.

Tusiutarajie ubalozi kufanya yasiyo kazi yake. Ofisa wa ubalozi hawezi kumtoa mtu ndani, wala kumlipia deni, wala kusimama mahakamani kama wakili. Aliyo na uwezo nayo ni kumtembelea, kuuliza hali yake, kutoa majina ya mawakili, na kuipa familia habari za kweli. Hayo si madogo. Ofisa wa gereza akijua kwamba mahabusu fulani ana watu wanaomuuliza, faili la mahabusu huyo halisahauliki kwa wepesi.

Hapa tutoe mfano ambao wengi wenu mnaukumbuka. Malcolm Bidali, kijana wa Kenya aliyekuwa mlinzi hapa Qatar, alikuwa akiandika mtandaoni, kwa jina la kubuni, juu ya maisha ya wafanyakazi wageni. Tarehe 4 Mei 2021 alichukuliwa. Waliomjua hawakungoja wiki mbili. Waliuliza, wakaandika, na mashirika ya haki za binadamu, yakiwamo Migrant-Rights.org na Amnesty International, yakataka hadharani kujua alipo. Tarehe 12 Mei serikali ilithibitisha kwamba yu kizuizini na anachunguzwa. Aliachiliwa mwishoni mwa mwezi huo, akatozwa faini ya riyali 25,000 mwezi wa Julai, na Agosti akaondoka nchini. Baadaye alieleza kwamba alikaa peke yake katika chumba cha mahabusu, bila ya wakili.

Hatusemi kwamba kelele ndizo dawa ya kila shauri. Lile lilikuwa shauri la maandishi, na ulimwengu ulikuwa ukitazama. Mwenzetu aliyekamatwa kwa deni, kwa ugomvi wa chumbani au kwa shitaka la kutoroka kazini hana mashirika ya kumsemea. Ana wenzake wa chumba tu. Tena iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2014, na maneno ya hasira yanayorushwa kwa simu, au picha ya ofisa iliyopigwa kwa siri, huweza kumtia ndani mtu wa pili kabla wa kwanza hajatoka. Tunaloliona katika mkasa wa Bidali ni hili: kutoonekana kwake kuligunduliwa mapema, na waliogundua waliuliza.

TATU, wakili na lugha. Mashauri huendeshwa kwa Kiarabu. Mwenzetu aambiwe, mara tu tutakapopata nafasi ya kusema naye, kwamba asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyoielewa, na kwamba aombe mkalimani kwa upole na kwa kurudia. Mtu wa pwani aliyesoma chuoni huweza kuzitambua herufi za Kiarabu akadhani ameelewa maana. Kusoma herufi ni jambo moja, na kuelewa maelezo ya polisi ni jambo jingine. Wakili akipatikana, atahitaji hati ya uwakala. Kwa makosa makubwa ya jinai, mahakama humteulia wakili mshitakiwa asiye na uwezo. Basi aliye fukara asikate tamaa. Na hukumu ikitoka, tuulize siku ile ile muda wa kukata rufaa, maana ni mfupi.

Jihadharini na madalali. Mtu akipiga simu kwenu nyumbani akidai anamjua mkubwa fulani na kwamba fedha kadhaa zikitumwa leo kwa simu kijana atatoka kesho, mwambieni ataje namba ya kesi. Asipoijua, hajui lolote. Akiijua pia, msitume. Faini ya kweli hulipwa serikalini na hutolewa stakabadhi.

NNE, na hili tunaomba akina mama walisome mara mbili: hundi. Wengi wetu wenye familia tumekodi nyumba kwa kumpa mwenye nyumba hundi za mwaka mzima, kila moja na tarehe yake. Baba akiwa ndani, mshahara umesimama, lakini hundi hazijui kwamba yuko ndani. Kila mwezi moja hupelekwa benki. Isipolipika, Sheria ya Adhabu ya mwaka 2004, kifungu cha 357, imeweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 3 na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Hivyo mtu aliyeingia kwa jambo dogo hujikuta anasubiriwa na jambo kubwa mlangoni. Mke au ndugu aende kwa mwenye nyumba katika wiki ya kwanza, amweleze ukweli, na amwombe asizipeleke hundi, au akubali nyumba irudishwe na hundi zilizobaki zirejeshwe mkononi. Makubaliano yaandikwe. Mwenye nyumba aliyeelezwa mapema ana cha kufikiri. Aliyefichwa hana ila kwenda polisi. Hali kadhalika mkopo wa benki.

TANO, kazi na ukaazi. Mwajiri aarifiwe kwa maneno machache na ya kweli, ili kutokuwapo kazini kusije kukaandikwa kuwa ni kutoroka. Mshahara wa siku zilizokwisha fanyiwa kazi ni haki yake. Mke na watoto walio chini ya udhamini wa baba watazame tarehe za vitambulisho vyao sasa hivi, wasingoje hadi viishe.

SITA, watoto na wazee. Sisi tuliokaa darasani miaka mingi tunajua kwamba mtoto huujua msiba wa nyumbani kabla hajaambiwa. Akidanganywa kwamba baba amesafiri, atausikia ukweli uwanjani kwa mtoto mwenziwe, naye atajifunza kwamba mama pia si wa kuaminiwa. Aambiwe kwa kadiri ya umri wake: baba anazuiliwa, kuna jambo linachunguzwa, na sisi tunamfuatilia. Wazee nao waambiwe. Mama mzazi ana haki ya kujua alipo mwanawe, na mara nyingi ni yeye atakayekwenda wizarani akakaa kwenye benchi mpaka asikilizwe.

Na aliyehukumiwa asiachwe. Mzuruni kwa siku zilizowekwa, kwa mavazi ya heshima na vitambulisho halali. Katika mwezi wa Ramadhani na Siku ya Taifa, tarehe 18 Desemba, Amiri amekuwa na desturi ya kuwasamehe baadhi ya wafungwa. Aliye na watu nje huweza kukumbushiwa ubalozini.

Mwisho, wasomaji wapenzi, haya yote ni mepesi zaidi yakitengenezwa wakati wa salama. Kila mmoja wetu aweke bahasha yenye nakala ya pasipoti, kitambulisho, mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba na orodha ya hundi alizotoa, na mtu mmoja anayemwamini ajue ilipo. Wenye benki na familia wafikirie kumpa mke au ndugu hati ya uwakala wangali huru. Na kila chumba kiwe na ahadi hii: mmoja wetu akilala nje bila ya habari, asubuhi tunauliza. Asubuhi hiyo hiyo, wala si siku ya tatu.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini ukisha kutia maji kichwani mwako, nenda ukamshike mkono anayenyolewa.

Tukijaaliwa tutaonana mwezi ujao. Wasalaam.